'Picha: Hisani', lakini hisani ya nani?

Mama yangu mzazi alifariki mwaka 1999, tukamzika nyumbani karibu na mwembe alioupanda kwa mikono yake. Asubuhi moja ya Septemba 2022 nilimwona tena kwenye simu, amesimama katika foleni ya chakula cha msaada.

Aliyenitumia picha ile ni mpwa wangu, binti ya dada yangu. Aliandika maneno manne tu: "Mjomba, huyu si nyanya?" Nikavaa miwani. Ndiye. Leso ile ninaijua, na ule mtindo wake wa kuinamisha kichwa kidogo upande wa kushoto kila alipotazamwa na mtu asiyemzoea. Tovuti moja ya habari, ambayo sitaitaja kwa kuwa sina nia ya kugombana na mtu, ilikuwa imechapisha taarifa kuhusu ukame uliokuwa ukiwaathiri wenzetu wa kaskazini mwa nchi. Juu ya taarifa hiyo wakamweka mama. Chini yake wakaandika: "Mkazi wa eneo kame akisubiri chakula cha msaada. Picha: Hisani."

Picha yenyewe ilipigwa sokoni Tala, Machakos, mwaka 1984. Wasomaji wa umri wangu waliokulia Ukambani wanaukumbuka mwaka huo kwa jina la njaa yake, Nikw'a Ngwete, yaani "ninakufa hali nimeshika". Kilichoshikwa ni pesa. Watu walikuwa na shilingi mkononi lakini madukani hamkuwa na kitu cha kununua. Siku hiyo mahindi ya njano yalikuwa yamefika sokoni, na mpiga picha aliyekuwa akizunguka na kamera yake akampiga mama katika foleni. Baba, aliyekuwa karani wa chama cha ushirika na mtu wa kuweka kumbukumbu, aliandika nyuma ya picha ile kwa kalamu ya wino: "Tala, Jumamosi, 13/10/1984. Pesa tunazo, mahindi hatuna. Leo tumepata debe moja."

Mama hakuwa akisubiri msaada. Alikwenda kununua. Ukiitazama vizuri picha ile utaona kwamba ncha moja ya leso yake imefungwa fundo, na ameishika kwa nguvu. Kila aliyelelewa na mwanamke wa kizazi hicho anajua fundo lile lilikuwa na nini ndani. Tovuti ile ilimpokonya mama kitu alichokuwa akijivunia kuliko vyote siku ile, yaani uwezo wa kulipa.

Msomaji, tusiharakishe kulaani teknolojia. Ninataka kwanza tulitazame neno moja, maadamu safu hii ni ya lugha. Neno lenyewe ni "hisani".

Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni wema, fadhila, jambo jema mtu amtendealo mwenzake bila kulazimishwa. Tulizoea kulisikia redioni: kipindi hiki kinaletwa kwenu kwa hisani ya kampuni fulani. Hapo neno limekaa mahali pake. Kuna aliyetenda wema, kuna aliyetendewa, na kati yao pana kile kihusishi cha a-unganifu tunachowafunza watoto shuleni, "ya", kinachoiunganisha hisani na mwenyewe. Kwa hiyo, magazeti yalipokopeshwa picha na familia ya marehemu au na shirika fulani, yaliandika "Picha kwa hisani ya familia." Wema ukatajwa pamoja na mtenda wema.

Sasa tazama kilichotokea. Katika magazeti na tovuti zetu za Kiswahili, gazeti hili likiwamo, "kwa" imeondoka, "ya" imeondoka, na mwenye picha ameondoka nazo. Limesalia "Hisani" peke yake, kama mlango uliobaki wima baada ya nyumba kubomolewa. Neno lililobuniwa kumtaja mwenye mali sasa linatumiwa kuficha kwamba hatumjui. Waama, mara nyingi hakuna aliyetenda hisani yoyote. Mtu aliiona picha mtandaoni, akaichukua, akaiita fadhila. Mimi sikumbuki kuifanyia tovuti ile hisani. Wala mama hakuifanya.

Wenzake "Hisani" nao ni walewale. Kuna "Picha: Maktaba" na kuna "Picha: Mtandao". Mwanafunzi wangu wa uzamili akiniandikia katika tasnifu yake kwamba chanzo cha nukuu ni "maktaba", nitamrudishia kazi yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Maktaba gani? Kitabu gani? Cha nani, na cha mwaka gani? Hatuwezi kumdai mwanafunzi wa miaka 24 uangalifu ambao sisi wenyewe hatuudai katika ukurasa unaosomwa na umma. Aidha, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inaitambua picha kuwa kazi yenye mwenyewe, sawa na kitabu.

Najua nitajibiwa kwamba picha haihitaji maneno. Tumeambiwa mara ngapi, hata katika mihadhara, kwamba picha moja ni sawa na maneno elfu? Wengine wataniletea methali yetu wenyewe: mwenye macho haambiwi tazama. Methali hiyo naikubali. Mwenye macho haambiwi atazame. Ila anahitaji kuambiwa anachokitazama ni nini. Maelfu ya watu wenye macho mazima walimtazama mama yangu asubuhi ile, na hakuna hata mmoja aliyemwona mnunuzi.

Tuchukue mfano mkubwa zaidi. Siku kumi tu baada ya mama kupigwa picha ile, yaani tarehe 23 Oktoba 1984, BBC ilionyesha taarifa ya njaa ya Ethiopia iliyopigwa na Mkenya mwenzetu, marehemu Mohamed Amin, na kusimuliwa na Michael Buerk. Ulimwengu ulishtuka, na Julai mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid. Tangu hapo taarifa ile hutajwa kama ushahidi kwamba picha hujisemea yenyewe. La hasha. Ilikuja na jina la mahali, Korem. Ilikuja na saa, alfajiri. Ilikuja na sauti ya mtu aliyekuwa amesimama palepale. Ondoa hayo yote, ubaki na umati ukungoni, nawe hutajua kama unatazama njaa, vita au hija.

Nasema hivi nikimheshimu sana Amin. Hata hivyo, mhakiki hawezi kunyamazia upande wa pili. Wengi wa waliopigwa picha Korem hawakutajwa majina. Kuanzia mwaka ule, kwa macho ya ulimwengu na kwa macho yetu pia, mwanamke Mwafrika akisimama katika foleni huwa tayari ana maelezo yake kabla ya mhariri kuandika neno. Anasubiri msaada. Siamini kwamba mhariri wa tovuti ile alinuia kudanganya. Alikiona alichozoeshwa kukiona. Picha ilipomjia bila maneno, mazoea yakaandika maneno kwa niaba yake.

Je, kosa ni la dijitali? Hapa lazima tuwe waangalifu, kwa sababu wazee wenzangu hupenda kusema kwamba enzi za filamu picha ilikuwa haisemi uongo. Huko ni kujidanganya. Enzi za Stalin, waliokosana naye walifutwa katika picha za serikali kwa wembe na rangi. Februari 1982, kabla ya wengi wetu kuigusa kompyuta, jarida la National Geographic lilizisogeza piramidi za Giza kwa kompyuta ili zitoshe katika jalada lake. Na hapa kwetu, vibanda vya picha vilivyokuwa kwenye kivuko cha Likoni vilikuwa na mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Mwanaanthropolojia Mjerumani Heike Behrend aliwaandikia wapiga picha hao kurasa nyingi katika kitabu chake cha mwaka 2013. Kijana wa bara aliyefika Mombasa kutafuta kazi alisimama mbele ya ndege ya rangi, akapigwa picha, akaipeleka nyumbani.

Lakini ile ndege ya Likoni haikumdanganya mtu. Picha ilisafiri ndani ya bahasha pamoja na barua. Mama mtu kule kijijini alijua mwanawe hajapanda ndege. Alijua hiyo ni ndoto yake, akaipenda kama ndoto. Maneno na picha vilifika kwa pamoja, mkononi mwa mtu aliyemjua mwenye picha. Uongo wa Likoni, kama ni uongo, ulikuwa na anwani.

Kilichobadilika ni hicho. Picha ya karatasi ilikuwa na uso na mgongo. Usoni palikuwa na mtu, mgongoni palikuwa na maneno: muhuri wa studio, tarehe, jina, wakati mwingine dua. Mpwa wangu na binamu zake walipozinakili picha za ukoo kwa simu, walizilaza mezani moja moja na kupiga nyuso. Migongo ikabaki imeelekea meza.

Cha kushangaza ni kwamba picha ya dijitali ingeweza kuwa na mgongo mpana kuliko ya karatasi. Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa Kodak alipounda kamera ya kwanza ya aina hii, ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja isiyo na rangi kwenye kaseti, na picha yenyewe ilikuwa na nukta elfu kumi tu. Leo faili ya picha ya simu hubeba tarehe, saa, aina ya simu na, ukiiruhusu, hata mahali uliposimama. Wapiga picha wa magazeti nao wana utaratibu wa miaka mingi wa kuandika maelezo na majina ndani ya faili yenyewe. Lakini itume picha hiyo kwa WhatsApp kama tufanyavyo sote, na programu huipunguza ili isafiri upesi. Taarifa zile hupukutika njiani. Mtu akiipiga picha skrini yake, hata kidogo kilichosalia kinapotea. Kwa hiyo tunacho chombo kinachojua kuandika mgongo kuliko baba yangu na kalamu yake, nasi tumejenga njia kuu za kupitishia picha zinazoufuta mgongo huo. Huo ni uamuzi wa watu, si maumbile ya teknolojia.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Teknolojia hii imetufanyia jambo ambalo hata sarufi yetu inalishuhudia. Wazazi wetu walisema "nilipigwa picha", kauli ya kutendwa. Kamera ilikuwa ya mwingine: mkoloni, mtalii, mwanahabari, mwenye studio. Vijana wetu wanasema "nimejipiga", na kile kiambishi "ji" kimempa mpigwa uwezo wa kuwa mpigaji. Si jambo dogo. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji walipoingia katika majengo ya Bunge, walioshika simu zao juu walikuwa wakijiandikia historia bila kusubiri kamera ya mtu.

Lakini angalia jinsi picha za siku ile zilivyogeuka ushahidi. Filamu ya uchunguzi ya BBC Africa Eye iliyotolewa Aprili 2025 ilitegemea maelfu ya picha na video za aina hiyo. Hazikujisemea. Watu waliketi wakazilinganisha moja kwa moja, wakitafuta ilipigwa saa ngapi, ikielekea upande gani, kutoka pembe ipi ya jengo, na ni nani aliye katika kila moja. Kwa maneno mengine, waliziandikia migongo upya. Kabla ya kazi hiyo zilikuwa kelele. Baada yake zikawa maswali ambayo wenye mamlaka walitakiwa kuyajibu.

Na sasa ametufikia mgeni mwingine. Mwaka 2023 msanii Mjerumani Boris Eldagsen alishinda katika kitengo kimoja cha tuzo za Sony World Photography, kisha akaikataa tuzo na kueleza kwamba kazi yake ilitengenezwa kwa akili unde, au akili mnemba kama wasemavyo wenzetu wa Tanzania. Alitaka kuona kama majaji wako tayari kwa jambo hilo. Hawakuwa tayari. Nadhani Kiswahili kiko tayari kuliko majaji wale, tukikitumia vizuri. Sisi husema picha "hupigwa". Kitenzi hicho kinadai mtu aliyekuwapo, na kitu kilichokuwa mbele yake. Picha ya akili unde haijapigwa, kwa sababu hakuna aliyesimama popote. Imeundwa. Basi magazeti yetu yaandike hivyo, "Picha imepigwa na fulani" au "Picha imeundwa kwa akili unde", na wala yasiziweke zote mbili chini ya mwavuli wa "Hisani". Neno hilo moja likifunika mnunuzi wa Tala na kiumbe ambacho hakijawahi kuzaliwa, halitakuwa na kazi nyingine ila kutuzoesha kutouliza.

Ninachoomba kwa wahariri si kikubwa. Nani, wapi, lini, nani amepiga. Pale ambapo mmojawapo hajulikani, tuandike kwamba hajulikani. "Hatukumpata aliyepiga picha hii" ni sentensi ya Kiswahili iliyokamilika, na haimwaibishi mtu. Ikiwa picha ni ya mwaka mwingine, mwaka utajwe. Ikiwa hakuna picha ya ukame wa leo, taarifa ya ukame inaweza kuchapishwa bila picha. Msomaji hatakufa.

Nilimwandikia mhariri wa tovuti ile. Alijibu kwa adabu, akaomba radhi, na kufikia jioni mama alikuwa ameondolewa. Mahali pake aliwekwa mwanamke mwingine katika foleni nyingine. Chini yake: "Picha: Hisani." Sijui ni mama ya nani.

Ningependa kumaliza hapo, nikiwa mimi ndiye niliyekosewa. Lakini nyani haoni kundule, na mpwa wangu alinisaidia kuliona langu. Nilipomuuliza kwa ukali nani katika ukoo aliyeitoa picha ile nje, alikaa kimya kidogo kisha akanitumia kiungo. Ni mimi. Siku ya kina mama ya Mei 2020, nikiwa nimefungiwa nyumbani na korona na moyo umejaa, niliiweka picha ile kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Niliandika, "Pumzika kwa amani." Sikutaja jina lake, wala Tala, wala 1984, wala debe la mahindi. Profesa mzima wa lugha nilimpeleka mama yangu sokoni bila neno, kisha nikashangaa alipopewa maneno ya watu wengine.

Jioni ile nililifungua sanduku la baba. Niliipata picha yenyewe, rangi zake zimeelekea wekundu kama picha zote za miaka ile. Nikaipiga kwa simu usoni, nikaigeuza, nikaupiga mgongo na mwandiko wa baba. Nikazituma zote mbili kwa mpwa wangu. Alikuwa ameiona picha ile tangu utotoni.

Zilipita dakika chache. Najua alichokuwa akifanya, kwa maana ndicho wanachokifanya wote: aliivuta picha kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa, jambo ambalo mimi na karatasi yangu nisingeweza. Kisha akaniandikia: "Mjomba, nimeliona fundo."